Tunaposema "Huo Ni Uzungu", Tunamaanisha Nini?

Mwaka jana nilihudhuria kikao cha harusi ya binti wa dada yangu, uani kwao hapa Dar es Salaam, viti vya plastiki vimepangwa duara na daftari la michango liko juu ya stuli. Katika muda usiozidi saa mbili neno moja lilitamkwa mara tatu, na kila mara lilikuwa na maana yake. Mara ya kwanza mwenyekiti wa kamati alituomba safari hii tufanye mambo kizungu, yaani ikisemwa saa nane basi iwe saa nane, na watu wakaitikia kwa kukubali. Mara ya pili shangazi wa binti aliuliza kama bibi harusi atavaa gauni la kizungu au atashonewa kitenge, na swali lake halikuwa na sifa wala lawama; alitaka kujua tu kama fundi atafutwe mapema. Mara ya tatu ilikuwa pale binti mwenyewe alipoulizwa juu ya makazi, akajibu kwamba yeye na mwenzake wamepanga kuishi wawili tu katika miaka ya mwanzo. Baba yake mdogo, aliyesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya kikao hicho, aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Huo ni uzungu, mwanangu." Ua mzima ulinyamaza.

Hali kama hiyo haiishii katika nyua zetu. Bungeni, misikitini, makanisani, redioni na katika makundi ya simu za familia, uzungu hutajwa kuwa chanzo cha kuporomoka kwa maadili, na pengine siku hiyo hiyo hutajwa kuwa njia ya kupata hospitali safi na ofisi isiyomzungusha mwananchi. Maneno mengine yanaingizwa humo humo kana kwamba yote ni kitu kimoja: umagharibi, usasa, utamaduni wa kigeni, utandawazi. Watu hubishana hadi kukosana, kumbe kila mmoja ameshika maana yake. Nadhani ni vyema neno hili lifunguliwe polepole, tuone limebeba nini ndani.

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili mzizi mmoja hubadili maana kwa kubadili kiambishi chake. Mzungu ni mtu, na kwa matumizi ya leo ni mtu mwenye asili ya Ulaya, awe amezaliwa Ulaya, Marekani, Australia au Arusha. Kizungu ni namna ya kufanya jambo, au ni lugha. Uzungu ni hali au tabia inayodhaniwa kuwa ya Wazungu, kama utoto ulivyo hali ya mtoto na uungwana ulivyo hali ya muungwana. Uzunguni ni mahali wanapokaa Wazungu, au walipokaa zamani. Mpangilio huu ni ule ule wa Mswahili, Kiswahili, Uswahili na Uswahilini, na tutaona mbele kwamba maneno hayo mawili, uzungu na uswahili, yamekuwa yakitazamana kwa muda mrefu.

Ugumu unaanza hapo hapo kwenye Kizungu, kwa sababu hakuna lugha ya jina hilo. Mtu wa Dar es Salaam au wa Nairobi akisema kwamba fulani anaongea Kizungu, anakusudia Kiingereza. Lubumbashi, katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji, jina hilo huangukia Kifaransa. Mfini na Mgiriki wote ni Wazungu kwetu, lakini wao kwa wao kila mmoja akisema kwa lugha yake hawaelewani hata neno. Kwa hiyo Kizungu ni lugha ya yule Mzungu aliyetutawala mwisho, na hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba neno hili halikupimwa kwa kuitazama Ulaya. Lilipimwa kwa kututazama sisi na yaliyotupata.

Kuhusu mzizi wenyewe, maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba Mzungu ni mtu wa kuzunguka, mgeni anayekwenda huku na huku bila watu kuelewa anatafuta nini. Maelezo hayo yana nguvu yake, kwani zunguka, mzunguko na kizunguzungu ni maneno ya ukoo huo. Lakini kamusi za kale za Kiswahili, zile zilizokusanywa na wamisionari kuanzia karne ya 19, zina neno jingine la sauti hiyo hiyo lisilo la mtu bali la jambo: mzungu, wingi wake mizungu, kwa maana ya ujuzi wa pekee, mbinu, jambo la kushangaza ambalo asiyefundishwa halijui. Ndilo neno lililo katika methali ya "Mzungu wa kula hafundishwi mwana", yaani ufundi wa kula mtoto haufundishwi na mtu, njaa humtosha. Wasomaji wengi wa leo hudhani methali hiyo inamzungumzia mtu mweupe aliyekaa mezani, na hapo maana yake hupotea kabisa. Na mizungu ndiyo yalikuwa mafunzo ya siri ya unyago na jando, yaliyotolewa kwa nyimbo, vielelezo na mafumbo, na ambayo mwali aliapa kutoyatoa nje.

Nimekaa katika kumbi nyingi za kile tunachokiita kicheni pati, na kila mara jambo hili hunijia kichwani. Ukumbi umepambwa kwa maputo, mshereheshaji ana kipaza sauti, zawadi ni sufuria, majiko ya gesi na friji, na jina la shughuli yenyewe ni la Kiingereza. Mtu anayepita nje atasema hapa pana uzungu mtupu. Kisha saa ya kungwi inafika, wanaume wapiga picha wanaombwa watoke, mlango unafungwa, na mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili anaanza kumfunda bi harusi kwa nyimbo na mafumbo ya ukoo ule ule wa mizungu ya unyago. Chini ya jina la kizungu mna mizungu. Aliye nje ya mlango hawezi kujua kipi kimekibeba kingine, na nadhani waliomo ndani pia hawajiulizi, maana kwao vyote ni vyao.

Mfano mwingine wa harusini ni ndafu. Katika harusi za Wachaga, na siku hizi za watu wengine wengi, baada ya keki ya krimu huletwa mbuzi mzima aliyechomwa, ametiwa majani mdomoni, na mshereheshaji humtambulisha kuwa ni keki ya asili. Maharusi humkata kwa pamoja mbele ya kamera na kulishana, kama walivyofanya dakika chache kabla kwa ile keki nyingine. Mbuzi ni wa Kilimanjaro. Kulishana mbele ya wageni ni desturi iliyopokelewa. Hata gauni jeupe, ambalo shangazi aliliita la kizungu kwa haki kabisa, si la kale sana huko lilikotoka: lilienea hasa baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kufunga ndoa akiwa na gauni jeupe mwaka 1840, na kabla ya hapo maharusi wa Ulaya walivaa rangi mbalimbali, mara nyingi nguo yao nzuri kuliko zote. Hivyo tunachokiona kuwa mila ya Wazungu tangu na tangu ni mtindo wa chini ya miaka 200 uliowaenea wao kwanza na kisha ukatufikia sisi.

Hapa tunafika kwenye dhana moja iliyo nyuma ya mabishano mengi, nayo ni kwamba kitu cha kizungu kimetoka kwa Wazungu na kitu cha kienyeji kimetoka kwetu. Chukueni chakula. Mahindi yanabeba jina la Wahindi, lakini mmea wenyewe uliendelezwa na wakulima wa eneo la Mexico ya leo maelfu ya miaka iliyopita, ukavuka bahari baada ya safari za Columbus, na Wareno wakaufikisha pande zetu, hao ambao Vasco da Gama wao alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Muhogo ni wa Amerika Kusini. Viazi mviringo, ambavyo wazee wa pwani waliviita viazi ulaya, ni vya milima ya Andes. Majina hayo yanamtaja aliyeleta, au aliyedhaniwa ameleta, wala hayamtaji aliyeanzisha. Na ugali wa sembe, ambao hakuna Mtanzania atakayekubali auitwe wa kigeni, umesimama juu ya nafaka iliyofika kwa meli.

Au chukueni kuku. Sokoni tunatofautisha kuku wa kienyeji na kuku wa kizungu, ilhali wote wawili ni wa uzao wa kuku-mwitu wa kusini-mashariki mwa Asia, na huyo wa kizungu ameanguliwa hapa hapa nchini na kulishwa pumba za hapa hapa. Neno kizungu hapo halisemi lolote juu ya asili. Linasema kwamba kuku huyo amefugwa kwa wingi, kwa haraka, kwa chakula cha kununua, na nyama yake ni laini. Mnunuzi hulipa zaidi kwa wa kienyeji na humsifu kwa mchuzi wake. Lakini mnunuzi huyo huyo akiumwa husema ametumia dawa za kienyeji hazikumsaidia, sasa anakwenda hospitali akapate dawa za kizungu. Kwa kuku, uzungu ni upungufu. Kwa dawa, ni tegemeo. Neno moja, kinywa kimoja, siku moja.

Kinachoamua kama kitu kitaendelea kuitwa cha kizungu ni muda, na ni nani anayehesabiwa kuwa mwenyewe. Baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya jimbo la Massachusetts kilimiminika Zanzibar na kutoka hapo kikaenda bara kwa misafara hadi kikawa kama fedha. Kiliitwa merikani, jina la nchi waziwazi, lakini hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa uzungu kwa sababu ya kujifunga merikani. Kanga nayo ilikua kutokana na leso, neno la Kireno, na kwa miongo mingi ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Leo binti akitaka kuonyesha kwamba ameshika mila hujifunga kanga. Kitenge kinatokana na ufundi wa batiki wa Java uliopitia mashine za Uholanzi. Mwanamke wa Kiafrika alivishika vitambaa hivyo akavipa majina, akaviandikia maneno, akavitungia desturi za kuzaa, kuoa na kuzika, na kwa kufanya hivyo akavifanya vyake. Hilo nalihesabu kuwa kazi kubwa ya utamaduni, kubwa kuliko kutunza kitu kisiguswe.

Kiswahili kina mfano wa neno lililowahi kupita njia kama hiyo hadi mwisho, nalo ni ustaarabu. Wapwani wa zamani walipotaka kutaja utu uliokamilika, adabu, makazi ya mawe, mavazi safi na maneno ya kupimwa, walisema uungwana, sifa iliyotoka katika miji yao wenyewe. Katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa makao ya utawala wa Kiomani na hadhi ikawa inaelekea upande huo, neno jingine likapanda juu yake: ustaarabu, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni kufanana na Waarabu au kujifanya kama wao. Tazameni lilikofika leo. Mtu akiambiwa ni mstaarabu, awe Mnyakyusa, Mkamba au Mholanzi, hafikirii Uarabu hata kidogo. Anaelewa kwamba ameambiwa ana adabu. Neno limemwacha mwenyewe likabaki na sifa. Uzungu haujafika huko, kwa sababu bado tunamwona mwenyewe nyuma yake, na kumbukumbu ya jinsi alivyokuja bado haijapoa.

Kumbukumbu hiyo imeandikwa hata ardhini. Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, wakifuata msingi uliokwisha kuwekwa na Wajerumani: Wazungu upande wa bahari kwenye upepo na miti, Wahindi katikati ya biashara, Waafrika Kariakoo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa kati ya Kariakoo na mji ule mwingine. Sheria zilizungumza juu ya aina za majengo, lakini watu walielewa vizuri zilichokuwa zikisema, wakazipa kanda hizo majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Majina hayo yalikwenda hadi miji ya bara kama Dodoma na Mbeya. Baada ya uhuru, Waafrika wenye vyeo na fedha waliingia katika nyumba zile zile zenye bustani na vibarabara vya kokoto, na jina likawafuata. Ndipo uzungu ulipopata maana ya tabaka: kuishi nyuma ya ukuta, kuwa na geti na kengele, kutofikiwa bila miadi. Vijana wa leo wanasema ushuani, na wanamaanisha kitu hicho hicho bila kutaja rangi ya mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo, rangi haitoshi kueleza nani ataitwa Mzungu. Mmarekani mweusi anayefika Zanzibar kwa mara ya kwanza, akitafuta udongo wa mababu zake, anaweza kushangaa na hata kuumia akisikia wauza vinyago wakimwita Mzungu na kumtajia bei ya Mzungu. Wao hawakuitazama ngozi yake. Wamemsikia anavyosema na wameona anavyotembea, na wamekadiria mfuko wake. Rwanda na Burundi nako neno umuzungu humwangukia pia tajiri na mwajiri, hata akiwa Mwafrika. Wageni wengi huuliza kama kuitwa hivyo ni kutukanwa. Jibu la kweli ni kwamba neno lenyewe si tusi, maana ndilo jina la kawaida tulilo nalo, na wapo wanaume wanaomwita mke wao "mzungu wangu" kwa mapenzi. Lakini kumwita mtu Mzungu kila siku wakati jina lake unalijua ni kumweka mlangoni asiingie, na yeyote aliyewahi kuitwa "mweusi" nchi za watu anajua uzito wa jambo hilo.

Sasa tulete umagharibi. Magharibi ni neno la Kiarabu la mahali linapozama jua, na kwa Waislamu wa pwani ni sala na saa inayoanzisha siku mpya. Kama ni dira peke yake, aliyesimama Mombasa akielekea magharibi ataifikia Kongo, si Ulaya, ambayo iko kaskazini. Nchi za Magharibi ni jina la siasa, lililopata nguvu katika karne ya 20 wakati dunia ilipogawanyika kati ya kambi ya Marekani na kambi ya Urusi ya Kisovieti. Kipimo chepesi cha kutofautisha maneno haya mawili ni hiki: Mrusi ni Mzungu bila shaka yoyote, lakini hakuna aliyeihesabu Moscow kuwa ya Magharibi; Mjapani si Mzungu, lakini nchi yake imekaa meza moja na mataifa makubwa ya Magharibi kiuchumi tangu mwaka 1975. Kwa hiyo umagharibi ni mfumo: namna ya kuendesha dola, soko, mahakama na haki za mtu binafsi, ambayo nchi yoyote yaweza kuichukua au kuikataa kwa vipande. Uzungu ni neno la nyumbani, la tabia na mwenendo, na aghalabu husemwa na Mwafrika kumwambia Mwafrika mwenzake. Mzungu mwenyewe haambiwi ana uzungu. Usasa nao ni jambo la tatu, maana simu ya mkononi tunayotumia kutumiana fedha ni ya kisasa kuliko hundi ya karatasi ya benki za Ulaya, wala haiwezi kuitwa ya kizungu kwa kipimo chochote cha haki.

Serikali zenyewe zimewahi kujikwaa hapa. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisema kwamba katika makosa yote ya ukoloni hakuna baya kuliko kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu, au kwamba tuliokuwa nao haukuwa na thamani; akauliza ni wangapi kati ya wanaocheza rumba, chachacha na twisti wanaoijua gombe sugu, kiduo au lelemama. Hotuba ile bado inagusa moyo, na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilitokana nayo. Lakini angalieni kwamba rumba na chachacha zilitoka Kuba, kwa watu ambao sehemu kubwa ya ngoma zao ilivuka bahari pamoja na watumwa wa Kiafrika. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampeni moja iliwataka Wamasai waache shuka na kuvaa suruali ili wasionekane nyuma ya wakati, huku Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, kwa Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969, ukiwakamata mabinti wa mijini kwa sketi fupi na mawigi kwa kuwa ni uigaji wa kigeni. Suruali haikuwa uzungu, sketi ilikuwa. Sielezi hili kwa kuwadharau waliokuwa na kazi ngumu ya kujenga taifa. Nalieleza kwa sababu linaonyesha kwamba hata watu makini hushindwa kuchora mstari pale neno lenyewe lilipo na maana nyingi.

Kuna matumizi mengine yanayonisikitisha zaidi, nayo ni yale ya kuukabili uzungu kwa uswahili. Mtu akifika kwa wakati, akilipa deni bila kukumbushwa, akisema hapana pale anapomaanisha hapana, tunasema "huyo ni Mzungu kabisa". Akichelewa, akidanganya, akizungusha maneno, tunasema "acha uswahili". Jina la watu na la lugha tunayojivunia duniani tumelifanya jina la ubabaishaji, kwa mazoea tu. Mazoea hayo yametoka katika ramani ile ya kanda tatu. Lakini si Wazungu bali Waswahili na Wanyamwezi waliokuwa wakiongoza misafara ya karne ya 19, wakipanga safari ya miezi mingi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wakihesabu mizigo, posho na vituo vya maji. Nahodha wa jahazi aliyekosea kuzisoma pepo za msimu, kaskazi au kusi, hakuwa na mwaka wa pili wa kukosea. Na saa tuliyo nayo, inayohesabu moja baada ya jua kuchomoza, ni saa kamili yenye mantiki yake. Simu yangu inaonyesha 8:00 nami nasoma saa mbili bila kukosea. Kuchelewa harusini kuna sababu zake, zikiwemo foleni na kamati isiyoagiza chakula mapema, lakini uswahili si mojawapo.

Limebaki lile lililomfanya baba mdogo aweke kikombe chini, nalo naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Tunapoulaumu uzungu kwa uchungu, mara nyingi hatuzungumzii gauni wala lugha. Tunazungumzia mtu anayejitoa katika deni la ndugu: anayekula peke yake, anayetaka apigiwe simu kabla ya kutembelewa, anayempeleka mzazi wake akatunzwe na wageni. Tunadhani Wazungu wamezaliwa hivyo. Lakini familia za Ulaya nazo zilibeba wazee, mayatima na wagonjwa wao kwa karne nyingi, na waliokosa ndugu waliangukia kanisa au sadaka. Kilichobadilika ni nani anayebeba. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883 na pensheni ya uzee mwaka 1889, nchi nyingine zikafuata kidogo kidogo, na polepole kijana wa huko akaweza kuishi mbali na nduguze bila mama yake kulala njaa. Hakuacha deni lile; aliliingiza katika makato ya mshahara.

Sisi tuna mifuko ya hifadhi ya jamii, lakini inawafikia hasa wenye ajira rasmi, na mkulima, mama lishe na dereva wa bodaboda wengi wako nje yake. Kwao bima ni shangazi mwenye duka, ni kaka aliye mjini, ni chumba cha nyuma kwa binamu. Anayechukua mtindo wa maisha ya wawili peke yao bila kuwapo kwa pensheni nyuma yake amechukua nusu ya mfumo, ile nusu nyepesi, na nusu nzito inabaki juu ya mabega ya wengine. Hapo baba mdogo alikuwa na hoja, ijapokuwa neno alilolichagua liliificha. Na binti naye alikuwa na hoja, maana chumba kimoja cha kupanga Tabata hakiwezi kuwa ukoo mzima.

Aliyeuvunja ukimya ule alikuwa bibi yake binti, mzaa baba, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango. Alimgeukia mwanawe akamwambia kwa sauti ya chini, "Uzungu upi? Sema linalokusumbua." Baba mdogo alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kijana wake anamaliza kidato cha nne Novemba, na alitegemea afikie kwa dada yake atakapokuja mjini kutafuta chuo. Binti akamwamkia upya, kama mtu anayeanza mazungumzo mwanzo, akasema, "Baba, mdogo wangu atapata pa kulala. Nilichosema ni kwamba tusianze watu sita. Akija, anipigie simu siku moja kabla." Baba mdogo akauliza hiyo simu ni ya nini. "Nimpokee stendi," akajibu. Mwenyekiti akafungua tena daftari la michango, na baba mdogo akataja kiasi chake.